Bunduki ya marehemu: mali ao deni?

Siku ya kutosha matanga, watu wa jamaa wanakaa na kufungua vitu vya mzee. Wanatosha koti ya kazi, kofia ya mugodi, medali ya miaka ya utumishi, karatasi za pansio. Na mu nyumba zingine, chini ya kitanda, ndani ya kantini ya chuma, kunalala kitu kirefu kilichofungwa mu blanketi. Ni bunduki ya kuwinda, kalibre 12. Mgongo wake umesimama mraba, sawa nundu, na kwenye mtutu kumeandikwa: Fabrique Nationale, Herstal, Belgique. Nyumba yote inanyamaza. Kisha mtoto mmoja anauliza: "Papa alituachiaka hii. Tutaifanya namna gani?"

Swali hili si la nyumba moja. Wazee walioanza kazi wakati wa Union Minière na miaka ya kwanza ya Gécamines wanaendelea kutuacha, na vitu vyao vinaingia mikononi mwa watoto wasiojua vilitoka wapi. Upande mwingine kuko kijana wa karieri aliyepata makuta kidogo, ao baba aliyepokea dekonti yake ya mwisho, anayetafuta bunduki ya kulinda nyumba na kupata nyama ya pori. Katikati yao anasimama komisioneri. Yeye anasema: "Hii ni Browning ya kweli, ya Wabelgiji. Haifi." Ni kweli, haifi haraka. Ndiyo sababu inafaa kuongea juu yake bila haraka.

Neno letu ni moja, na tunalisema tangu mwanzo: bunduki ya namna hii inaweza kuwa mali, lakini ikikosa karatasi na mtu anayeijua, ni deni. Na deni lile halilipwi na komisioneri. Linalipwa na mjane, na watoto, ao na yule aliyenunua.

Ilitoka wapi

Aliyeitunga ni John Moses Browning, fundi wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1855 mu mji wa Ogden, jimbo la Utah. Baba yake naye alikuwa fundi wa bunduki. Wakati ule mwindaji alikuwa na bunduki ya mitutu miwili, ao ile ya kuvuta kwa mkono kila mara nyuma ya kupiga. Browning alitaka bunduki itumie nguvu yake yenyewe ya kurudi nyuma ili itupe kartushi iliyolia na kupandisha nyingine. Hati ya uvumbuzi wake aliipata mwaka 1900. Jina lililobaki kwa bunduki ile ni Auto-5, juu inabeba kartushi tano: nne ndani ya bomba chini ya mtutu, na moja ndani ya chumba.

Namna ilivyofika Ubelgiji inafaa kujulikana kwetu. Miaka mingi Browning alikuwa anauzishia kampuni ya Winchester mawazo yake kwa bei ya mara moja: anapokea makuta, wazo linakwenda. Safari hii akasema hapana, nataka sehemu yangu kwa kila bunduki itakayouzishwa. Winchester ikakataa. Akaenda kwa Remington. Mu Januari 1902, siku ile ile ya kuonana, mkubwa wa Remington akafa kwa ugonjwa wa moyo. Basi Browning akapanda meli, akavuka bahari hadi Herstal, karibu na Liège, inchi ya makaa ya mawe na chuma. Kule kulikuwa Fabrique Nationale, iliyozaliwa mwaka 1889 kwa kutengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki za Mauser. Wakasikilizana. Mwaka 1903 bunduki za kwanza zikatoka, na yeye mwenyewe akaagiza 10,000 kwa kuziuzisha Marekani. Alikufa mu Novemba 1926 palepale Herstal, ndani ya kiwanda.

Mchimbaji anayeuzisha mawe yake jioni kwa bei iliyokwisha kupangwa na mwingine ataelewa jambo hili kuliko watu wengi. Browning alijua thamani ya kitu chake mbele ya kukaa mezani, na alipoambiwa hapana, alikuwa na nguvu ya kuondoka. Ni hayo tunayoomba kwa mjane anayeuzisha na kwa kijana anayenunua.

Tukumbuke pia mikono iliyofua vitu vile. Mu Februari 1966, wanamke karibu 3,000 wa kiwanda cha Herstal waliacha mashine na kugoma kwa wiki kumi na mbili, wakidai mshahara sawa kwa kazi sawa. Mgomo wao ulijulikana Ulaya nzima. Kazi ya Auto-5 iliendelea Herstal hadi kati ya miaka ya 1970, kisha ikahamishwa Japani, kwa kampuni ya Miroku. Mwisho wa miaka ya 1990 ikasimama kabisa. Kwa jumla zilitoka zaidi ya milioni mbili.

Hesabu ile inatufundisha mambo mawili. Kwanza, bunduki hii si kitu cha ajabu kinachopatikana mara moja kwa karne; anayekuambia ulipe bei ya almasi anakudanganya. Pili, ile inayoitwa "ya Wabelgiji" iko na miaka karibu 50 ao zaidi. Kiwanda kilichoifua hakiifui tena. Tangu mwaka 2012 kuko bunduki mpya inayoitwa A5, yenye mgongo unaofanana, lakini ndani ni mashine nyingine, na piesi zake haziingii mu ile ya zamani. Sisi tunajua maana ya mashine isiyo na piesi. Tumeona ngapi zimesimama uwanjani, majani yakiota kati ya magurudumu?

Breki ya pete mbili

Wale wanaofanya kazi na mashine ya kutoboa jiwe watashika jambo hili haraka. Ukipiga, mtutu wote unarudi nyuma ukishikana na kifungio. Kisha mtutu unakwenda mbele peke yake, na kartushi iliyolia inatupwa nje. Mwisho kifungio nacho kinakwenda mbele na kuingiza kartushi mpya. Yote haya yanapita mbele ya jicho kufunga. Chini ya mtutu, kuzunguka bomba ya kartushi, kuko resori kubwa. Pamoja nayo kuko breki: kipande cha bronzi na pete ya chuma.

Hapa ndipo wengi wanaharibu bunduki. Ile pete ya chuma iko na nafasi mbili. Kwa kartushi zenye nguvu, inakaa mbele ya resori, imeegemea bronzi, ili mtutu urudi kwa breki nzito. Kwa kartushi nyepesi, inawekwa nyuma ya resori, karibu na kasha, ili mtutu urudi kwa urahisi. Ukiacha pete nyuma na kupiga kartushi zenye nguvu, chuma kinagonga chuma, na mti wa mbele unapasuka. Ukiweka pete mbele na kupiga kartushi nyepesi, bunduki inakwama. Mwenye kuuzisha atakuambia "ilikwama juu ya vumbi." Inaweza kuwa vumbi. Inaweza kuwa pete. Inaweza pia kuwa resori imechoka. Mwambie afungue mti wa mbele, muone pamoja.

Mbele ya yote, bunduki iwe tupu. Na hapa tunasema kwa sauti: kutosha kartushi moja si kutosha zote. Zile za ndani ya bomba zinaweza kupanda zenyewe hadi chumbani unapovuta kifungio. Vuta, tazama chumbani, tazama ndani ya bomba, kisha tazama tena. Kama bunduki imepatikana ndani ya kantini na hakuna anayeijua, watoto watoke mu chumba, mutu asiiguse, na muite mwenye kujua. Mashine inaweza kulala miaka makumi mawili na kartushi ndani ya tumbo.

Ikiwa tupu, macho yafanye kazi. Tazama mti wa mbele na mti wa nyuma pale vinapokutana na chuma: kama kuko ufa, ao gundi, ao misumari, bei ishuke ao urudi nyumbani. Tazama ndani ya mtutu kwa kuelekea mwangaza: inafaa kung'aa sawa bomba jipya, bila mashimo ya kutu. Pitisha kidole juu ya mtutu, utafute bonde ao uvimbe. Kama mtutu umechomelewa na fundi wa mtaani, usinunue hata kwa bei ya mkate. Fundi anayechomelea vizuri mlango wa nyumba hajui nguvu ya moto inayopita ndani ya mtutu. Wanaotumia zile pupu zinazofuliwa vijijini wanajua. Wengine wao walibakia na vidole vitatu.

Tazama mwisho nimero. Kwenye bunduki za zamani za Herstal, mara nyingi nimero ya kasha na ya mtutu zinafanana. Kama hazifanani, mtutu ulibadilishwa. Si kosa kubwa, lakini bei si ile ile. Kama nimero imekwanguliwa, acha chini na uondoke. Hakuna mtu mwaminifu anayekwangua nimero.

Milimetri tano

Kalibre 12 haitoshi kujua kartushi gani inaingia. Mitutu mingi ya zamani ya Ulaya iko na chumba cha milimetri 65. Kartushi nyingi zinazouzishwa leo ni za milimetri 70. Tofauti ni milimetri tano tu, unene wa kalamu. Na ubaya wake ni huu: kartushi ya 70 inaweza kuingia vizuri ndani ya chumba cha 65, juu kipimo kile kinahesabiwa ikiwa imefunguka. Mbele ya kulia mdomo wake umekunjwa, kwa hiyo ni fupi. Ikilia, inakosa nafasi ya kufunguka, na nguvu ya moto inapanda kupita kiasi. Soma alama kwenye mtutu, na kama haisomeki, fundi wa kweli apime. Usipime kwa kujaribu.

Jambo lingine: mitutu ile ya Ubelgiji ilifuliwa kwa vidonge vya madini ya risasi. Leo inchi nyingi zinakataza vidonge vile mahali pa maji, juu vinatia sumu ndege na maji yao: Marekani tangu 1991 kwa kuwinda bata, Umoja wa Ulaya tangu Februari 2023. Wawindaji wa kule wanatumia sasa vidonge vya chuma, ambavyo mtutu wa zamani wa Herstal haukufuliwa kuvipokea. Basi anayekuambia "kartushi yote ni kartushi, mradi ni 12" hakufanyii urafiki.

Karatasi

Sasa tufike kwenye uzito. Mu inchi yetu, silaha zinaongozwa na Ordonnance-loi nimero 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na kuwinda kunaongozwa na sheria nimero 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Ni mambo mawili: ruhusa ya kuwa na bunduki si ruhusa ya kuwinda. Na mwenye ruhusa zote mbili hana njia ya kuingia na bunduki mu mbuga za taifa kama Upemba na Kundelungu, ambako kuwinda kumekatazwa.

Ruhusa ya silaha inapewa mutu, haipewi bunduki. Mzee akifa, jina lake kwenye karatasi halitembei peke yake kwenda kwa mtoto. Wala haliendi kwa baba mdogo anayefika siku ya matanga na kusema: "Hii ni kitu ya wanaume, mimi ndiye nitaichunga." Tunawajua ba baba wadogo wa namna ile: leo bunduki, kesho televizio, kesho kutwa hati ya kiwanja. Mama mjane asikubali itoke mu nyumba bila maandishi. Sababu ni nyepesi. Kama bunduki ile inaibiwa, ao inauzishwa usiku, ao inaonekana siku moja mu mikono ya wezi njiani kuelekea Likasi, nimero yake itasomwa, na jina litakaloitwa ni la marehemu. Watu wa polisi hawatakwenda makaburini. Watakuja kwako.

Wengine watasema: hizo ni shida za kwetu, kule Bulaya bunduki ya kuwinda ni kama baisikeli. Si vile. Ubelgiji penyewe, hadi mwaka 2006, mutu mzima alikuwa anaweza kununua bunduki ya kuwinda dukani kwa kuonyesha kitambulisho. Tarehe 11 Mei 2006, kijana wa miaka 18 alinunua bunduki ya namna ile asubuhi mu mji wa Antwerp, na siku ile ile akaua barabarani mwanamke aliyetoka Mali na mtoto wa miaka miwili aliyekuwa anamchunga. Mwezi usio mzima nyuma, tarehe 8 Juni 2006, sheria mpya ilitiwa saini na uuzishaji wa bure ukaisha. Familia nyingi zilizokuwa na bunduki ya babu darini zilijikuta na kitu kisicho na ruhusa. Hata mwaka 2018 serikali ililazimika kufungua tena muda, kutoka Machi hadi mwisho wa Desemba, ili watu watangaze silaha zao ao wazirudishe. Kwa hiyo inchi iliyoifua bunduki hii ilikutana na swali lile lile la kantini chini ya kitanda, na jibu lake lilikuwa karatasi.

Basi tufanye namna gani? Usibebe bunduki barabarani kwenda kuuliza. Njiani wewe ni mutu mwenye silaha bila ruhusa, hata kama moyo wako ni safi. Kwanza uende mikono mitupu, na hati ya kifo, kitambulisho chako, na karatasi zote za zamani za marehemu, hata zile zilizoliwa na panya. Andika barua, uache kopi moja kwako yenye kashe na tarehe ya ofisi iliyoipokea. Kama kuko avoka ao mutu wa sendika unayemuamini, uende naye. Na wewe mnunuzi, uliza ofisini mbele ya kutoa makuta: bunduki hii, ya namna hii, inayojipakia yenyewe, itaandikwa kwa jina langu? Kama jibu halitoki kwa maandishi, makuta yakae mfukoni. Komisioneri akisema "karatasi tutazitengeneza nyuma", jua kwamba nyuma yeye hatakuwapo.

Juu ya wezi wa usiku

Tunajua neno litakalokuja. "Munaongea karatasi, lakini usiku wezi wanaingia na silaha, na polisi inafika asubuhi." Hatuwezi kucheka neno hilo, tunakaa mitaa ile ile, na tunasikia mbwa wale wale.

Lakini tuhesabu pamoja. Bunduki hii ni ndefu, na uzito wake unapita kilo tatu na nusu. Ilitungwa kwa mutu aliyesimama pori, akingoja kanga waruke. Ndani ya nyumba ya vyumba viwili, mu giza, na watoto wanalala chini kwenye mkeka, vidonge vinapanuka na havichagui. Ukiiweka tupu na kartushi zimefungwa mahali pengine, kama inavyofaa, hautakuwa na muda wa kuipakia. Ukiiweka imejaa chini ya godoro, siku moja atakayeipata mbele ya mwizi ni mtoto wako. Na mwizi akijua kwamba nyumba fulani iko na bunduki, nyumba ile ndiyo anayoitafuta, juu bunduki kwake ni chombo cha kazi.

Kwa kuwinda, tena kwa ruhusa, ni kitu kizuri: kimefuliwa vizuri, kinapiga vizuri, na mwenye kukipangusa mafuta kidogo, si mengi, anaweza kumwachia mjukuu. Kwa kulinda nyumba, mlango wa chuma, taa, jirani mwenye filimbi na simu yenye makuta ndani vinafanya kazi kuliko nundu ya Herstal. Na kuibeba karieri, penye ugomvi wa shimo na wa makuta, ni kuomba kifo.

Turudi mu nyumba ya matanga. Bunduki iko juu ya meza, blanketi limefunguliwa, na wote wanamtazama mama. Tungemwambia hivi: mama, funga blanketi. Andika nimero kwenye karatasi, mbele ya watoto wote na mashahidi wawili. Tafuta ruhusa ya baba yao mu vitabu vyake. Wazee wale walikuwa wanachunga karatasi. Kama iko, peleka kesi ofisini, na mtoto mmoja mwenye akili aombe kwa jina lake, ao itafutwe mnunuzi mwenye ruhusa. Kama haiko, omba wenye kazi waje kuichukua kwa maandishi. Utapoteza makuta ambayo komisioneri alikuahidi. Lakini usiku mutu akibisha mlango, utafungua bila kujiuliza ni juu ya nini amekuja.